Maua Ndani ya Tofali la Chai

Anhua, Hunan
2 Aprili 1983

Mwanangu Suyun,

Salamu kwako, kwa mumeo Sodnom na kwa mama yake. Leo Mama Liao, jirani yetu wa mlango wa pili, amenisindikiza hadi posta, na nimekutumia matofali manne ya chai nyeusi. Hayatoki dukani. Nimeyatengeneza hapa hapa nyumbani, na ni ya kwanza tangu mama yako atutoke.

Najua huko malishoni mnanunua matofali yenye vijiti vingi kuliko majani. Haya yangu ni majani matupu. Niliyakaanga, nikayafikicha, nikayarundika chini ya nguo mbichi mpaka yakaanza kunukia kama tunda linaloiva, nikayakausha juu ya moto wa msonobari. Baadaye nikayafukiza kwa mvuke, nikayashindilia kwenye kalibu ya mbao na kuyafungia chumba cha juu siku ishirini ili yachanue. Kazi ya kuchanua aliiweza mama yako. Mimi nilikuwa mtu wa kueleza tu, yeye ndiye aliyekuwa akipanda ngazi kutazama.

Utakapovunja tofali utaona vidoa vya manjano ndani, ndiyo maua yake. Usishtuke. Ni kuvu, sikatai. Nimefundisha sayansi miaka thelathini na moja na sioni haya kulisema. Lakini ni kuvu mwema, kama ule unaoumua mkate, na bila huo chai hii haina ladha wala faida kwa tumbo la mtu anayekula nyama kila siku.

Chukua sindano nene ya kushonea magunia, ichomeke ubavuni, ubanjue kipande cha ukubwa wa kiberiti. Mwagia maji yanayotokota, hesabu hadi kumi, yamwage. Hayo ni ya kuoshea tu. Kisha tia maji mapya uchemshe kwa moto mdogo dakika kumi. Mama mkwe wako akitaka chumvi na maziwa, atie mwisho, maana maziwa yakitangulia majani hayatoi rangi.

Ni mimi baba yako,
Tan Zhongli


Malishoni, Haixi, Qinghai
24 Aprili 1983

Baba, shikamoo.

Kifurushi kimefika juzi kwa farasi wa posta. Mkwe wangu Mama Dulma hakungoja nimalize kusoma maelezo yako. Alivunja tofali la kwanza kwa nyundo ya kupigilia vigingi vya hema, akatupa kipande kwenye chungu, na sasa anakunywa bakuli kumi na tano kwa siku. Nilipomtafsiria barua yako alisema, "Huyu baba yako angekuwa mfugaji, ng'ombe wangekufa kwa njaa wakisubiri amalize kueleza nyasi ni nini." Anakupenda, usijali.

Baba, nina jambo nimelificha. Nina mimba ya miezi minne na nusu. Sikukuambia mapema kwa sababu ya wale wawili walioharibika. Hakuna aliyewahi kufika hapa. Muuguzi anayezunguka mahemani kwa farasi ameniambia ninywe chai kwa wingi kwa kuwa mboga hakuna, nami nakunywa ile ile ya Mama Dulma, asubuhi, mchana na jioni.

Jana nilifungua tofali la pili nimkatie muuguzi kipande. Maua yake si kama ulivyoyaandika. Yana manjano inayoelekea kijani, na yamesimama kama nywele za mtoto mchanga. Je, ni sawa hivyo?

Na mbona mistari yako siku hizi inapandiana? Nimepata tabu kuisoma.

Mwanao,
Suyun


Anhua
9 Mei 1983

Mwanangu,

Barua yako imenifanya nisimame, nikae, nisimame tena. Miezi minne na nusu. Nimekwenda kwenye kaburi la mama yako kumweleza, na Mama Liao amenipikia mayai mekundu ya kusherehekea uzazi kabla ya wakati wake, nikamkemea, nikayala yote.

Sasa kuhusu maua, sikiliza vizuri. Kuna mambo matatu ya kuangalia. Kwanza, umbo: ua jema ni punje ya mviringo, ndogo kuliko mbegu ya ufuta, na halina unywele hata mmoja. Pili, harufu: ua jema linanukia kama uyoga mkavu na asali kidogo, na baya linanuka kama pishi lililoingia maji. Tatu, pumzi: puliza polepole. Punje hubaki mahali pake, uchafu huruka kama unga. Rangi peke yake haitoshi, kwa kuwa vipo vya manjano vya kila aina duniani, hata ugonjwa una manjano yake.

Usiogope. Niliyatazama yote, moja moja, kando ya dirisha, kabla ya kuyafunga karatasi. Pengine la pili limepata unyevu njiani. Liweke kando. La kwanza endeleeni kulinywa.

Mistari inapandiana kwa sababu meza imelegea mguu.

Baba yako


Malishoni, Haixi
27 Mei 1983

Baba, shikamoo.

Nimefanya kama ulivyoagiza. Nilitoka na la pili nje kwenye mwanga, nikapuliza, likatoa vumbi la kijani hadi nikakohoa. Nikachukua kilichobaki cha lile la kwanza, ambalo Mama Dulma alikuwa akilivunjia gizani ndani ya hema. Katikati ni vile vile, Baba. Nywele. Tumeshakunywa theluthi mbili zake.

Mama Dulma anatapika siku ya tisa leo. Juzi macho yake yamegeuka manjano. Mimi sitapiki, ila nikiamka nina uchungu mdomoni na mtoto anacheza siku moja, siku ya pili ananyamaza. Nalala nimeweka mkono tumboni, namsikiliza kama mtu anayesikiliza mlango.

Nakueleza hali ilivyo ili ujue kwa nini nakuuliza. Hospitali ya wilaya iko mwendo wa siku nne kwa mkokoteni, na mto umejaa maji ya theluji. Muuguzi amesema mwanamke aliyepoteza mimba mbili asipande mkokoteni kwenye mawe, isipokuwa pawe na kifo mlangoni. Mama Dulma hakubali kwenda akaniacha. Anasema kila majira ya kuchipua hapa watu hupata ugonjwa wa tumbo kutokana na maji ya mto, wengine macho hugeuka manjano, na hupona. Huenda ni kweli. Kama ni maji ya mto, kukaa ndio salama yangu na ya mtoto. Kama ni chai, basi sumu imo ndani yangu pia na lazima twende wote upesi.

Wewe ndiye pekee unayejua tofali lilivyotoka chumbani. Kwa hiyo nakuuliza swali moja: uliyaona maua hayo kwa macho yako mwenyewe, yakiwa punje, bila nywele? Sitaondoka wala sitakaa mpaka nipate jibu lako.

Suyun


Anhua
11 Juni 1983

Mwanangu Suyun,

Barua yako imefika leo asubuhi nami nakujibu leo leo.

Kwanza tulia. Woga nao humdhuru mtoto. Mambo haya yanahitaji kutazamwa kwa utaratibu. Chai huchemshwa, na moto huua vingi. Maji ya kwanza humwagwa, nayo huondoa vingi vilivyobaki, ijapokuwa sijui kama Mama Dulma alikuwa akiyamwaga. Pia kuna mtu wa tumbo imara na mtu wa tumbo laini, na wewe tangu utotoni ulikuwa imara; uliwahi kula pichi mbichi kikapu kizima na kesho yake ukaenda shule. Kuhusu macho ya manjano, nimewahi kueleza darasani kwamba ini ni kama chujio, na chujio huziba kwa sababu nyingi, maji ya mto yakiwemo, kama mkwe wako anavyosema, naye ameishi huko miaka sitini.

Kuhusu kuchanua, nilifuata joto lile lile na siku zile zile za mama yako. Nilipima unyevu kwa kuning'iniza uzi wa nywele, jambo ambalo yeye hakuwahi kulifanya. Sina sababu ya kudhani kwamba kazi iliharibika.

Msipande mkokoteni. Chai ni nzuri. Pumzika, chemsha dengu za kijani, mnywe maji yake.

Baba yako


TELEGRAMU
Anhua, 12 Juni 1983

SIKUONA. SIONI. MSINYWE. SHUKENI HOSPITALI WOTE. BABA.


Anhua
12 Juni 1983

Mpendwa Suyun,

Ni mimi Liao Meixiu, jirani. Mimi nilikuwa mwanafunzi wa baba yako darasa la nne, utaniwia radhi kwa mwandiko. Naandika bila yeye kujua, halafu nitamwambia.

Baba yako ana mtoto wa jicho, macho yote mawili. Ni mwaka wa pili sasa. La kushoto linaona mwanga tu. Barua zako mimi ndiye ninayemsomea. Zake anaziandika mwenyewe, rula imewekwa chini ya mkono, na ananikataza nisimsahihishe. Nikitaja daktari ananifukuza, ananiita mbea, kesho yake ananiletea maboga.

Agosti iliyopita matofali yalipotimiza siku ishirini alinipandisha chumba cha juu. Ngazi ile mama yako aliipanda kwa mkono mmoja, mimi niliishika kwa mikono yote miwili. Nikavunja pembe ya tofali moja. Akauliza kutoka chini, "Meixiu, ni ya manjano?" Nikajibu, "Ndiyo, Mwalimu, ni ya manjano." Akafurahi hata akaimba. Suyun, niliziona zile nywele. Niliziona. Lakini nikasema moyoni, Mwalimu anajua, mimi mkulima wa boga najua nini? Na tangu mama yako afe sikuwahi kumsikia akiimba.

Jana nilimsomea swali lako. Nilipofika pale unaposema "kwa macho yako mwenyewe" alianza kupapasa mezani akitafuta rula. Kisha akaniomba karatasi, akaandika, akaifunga bahasha, nikaipeleka posta. Sikulala. Leo nimemwendea akiwa anaosha uso, nikamuuliza amekujibu nini. Akasema, "Nimemwambia chai ni nzuri."

Nikamwambia, "Mwalimu, hukuiona. Mimi ndiye niliyeiona. Ilikuwa na manyoya."

Aliacha taulo ikaanguka. "Mbona hukusema?"

"Uliniuliza rangi. Nikakujibu rangi."

"Nilikufundisha kujibu hivyo?"

"Ndiyo," nikasema. "Ulitufundisha mwalimu akiuliza, mwanafunzi hajibu zaidi ya alichoulizwa."

Hakunigombeza. Alitoka bila fimbo, bila kofia, akagonga bega kwenye nguzo ya mlango, akashika njia ya posta kuirudisha ile barua. Ilikuwa imeondoka na basi la alfajiri. Karani aliniambia alishikilia ukingo wa meza akauliza kitu gani kinakwenda upesi kuliko basi. Ndipo akatuma telegramu. Sasa amekaa uani na hataki kula. Nimemwekea uji.

Usimchukie peke yake. Sehemu yangu ipo.

Liao Meixiu


Hospitali ya wilaya, Qinghai
30 Juni 1983

Baba mkwe,

Mimi Sodnom. Kichina changu kibaya, samahani.

Tumefika juzi. Siku tano, mto ulituzuia. Mama hajui tena jina langu. Suyun anatoka damu tangu siku ya tatu. Wamemlaza, miguu juu. Daktari anasema subiri. Nimemuuliza subiri nini, akasema subiri tu.

Siandiki zaidi. Sijui kuandika hili.

Sodnom


Hospitali ya wilaya
8 Agosti 1983

Baba, shikamoo.

Najua umeishi na barua ya Sodnom peke yake kwa wiki tano. Nilikatazwa kuketi, na kalamu ililala mbali na kitanda. Pia sikutaka kuandika kabla sijajua naandika nini.

Mama Dulma yu hai. Alipoteza fahamu siku nne, akatundikiwa maji, macho yakaanza kutakata mwisho wa Julai. Alipozinduka jambo la kwanza alimtukana Sodnom kwa kumwachia jirani mvivu ng'ombe. Daktari hawezi kusema ni chai au ni mto. Alikivunja kile kipande tulichomletea, akanusa, akakifunga kwenye karatasi tatu akaandika juu yake "Msiguse". Alisema tungekawia wiki nyingine malishoni asingekuwa na mgonjwa wa kumtibu.

Mimi nilitoka damu siku kumi na sita. Nilijifunza kutocheka wala kukohoa. Kila asubuhi muuguzi aliweka tumboni sikio la chuma la kusikilizia mapigo ya mtoto, nami nilitazama uso wake badala ya kumuuliza, na uso wake ulichelewa kunijibu kila siku. Asubuhi moja aliliweka, akalihamisha, akalihamisha tena, akaenda kumwita mwenzake. Baba, sina neno la kile nilichokaa nacho mpaka waliporudi. Yule mwenzake alisikiliza akasema, "Huyu hapa, amegeuka tu."

Amezaliwa tarehe tatu, mapema. Ni msichana. Ni mdogo kiasi kwamba Sodnom anambeba kwa kiganja na nusu. Anapumua mwenyewe, ananyonya kidogo, analala sana, na akilala namwekea kidole chini ya pua. Wameniambia nikae wiki tatu zaidi ndipo waseme kama ametoka hatarini. Bado hajapewa jina. Naogopa kumwita.

Sasa nikueleze ilivyokuwa siku ile. Farasi wa posta alileta barua yako ya tarehe kumi na moja na telegramu yako ya tarehe kumi na mbili katika mfuko mmoja. Nilizisoma zote mbili nimesimama. Barua ilisema chai ni nzuri, tusipande mkokoteni. Telegramu ilisema tushuke wote. Sodnom alisema tuiamini barua, kwa sababu ina sababu na maelezo, na telegramu mtu yeyote huenda ameikosea njiani. Mama Dulma naye, katika kutapika kwake, alitaka barua. Wote wawili walinitazama. Nilikuwa na saa moja ya kuamua kabla jua halijazama ng'ambo ya mto, maana gizani hauvukiki.

Niliifuata telegramu. Miaka yangu yote hujawahi kuniambia jambo bila kulieleza. Hata ulipoleta habari ya kifo cha mama, ulianza na moyo una vyumba vingapi. Kwenye karatasi ile hapakuwa na maelezo hata kidogo, nikajua ni kweli, nikajua pia una hofu kama yangu.

Barua ya Mama Liao niliipata hapa. Mwambie simchukii. Wewe sijui bado. Uliponiandikia "Niliyatazama kando ya dirisha" ulijua nina mimba. Uliponiandikia "Chai ni nzuri" ulijua Mama Dulma amegeuka macho. Nalirudia hilo kitandani na sijafika mwisho wake, basi usinihimize.

Lakini nina swali moja. Daktari wa hapa anasema mtoto wa jicho hutolewa Changsha, ni kazi ya nusu saa, na wengi huona tena. Anasema pia wewe ukikawia, la kushoto litapotea kabisa. Utakwenda? Nijibu ndiyo au hapana, na Mama Liao aandike.

Suyun


Anhua
23 Agosti 1983

Suyun,

Naogopa kisu. Ndiyo.

Baba

(Kwa mkono wa Liao Meixiu. Tunaondoka kesho kwa basi la asubuhi. Amenikataza kuongeza neno, nami nimeongeza.)